Kuijaribu Bunduki Kabla ya Kuwinda

Nimepewa nafasi ya kuzungumza nanyi juu ya bunduki ya kushindilia, yaani ile ambayo baruti na risasi huingizwa kwa mdomo wa kasiba, na ambayo wengi wetu huiita gobori. Sitasema sana juu ya kuwinda kwenyewe. Nitasema juu ya siku inayotangulia kuwinda, siku ambayo wenye bunduki wengi huiruka kwa haraka ya nyama: siku ya kuijaribu bunduki mpya. Mimi si fundi wa bunduki, wala sikupata kuwa askari. Ni mkulima wa kahawa na migomba huku Nkoaranga, katika mteremko wa Mlima Meru, juu ya barabara itokayo Arusha kwenda Moshi. Haya niyajuayo nalifundishwa na baba yangu mkubwa mwaka 1957, nilipokuwa mvulana wa kumchukulia pembe ya baruti.

Kwanza tuelewane juu ya majina, maana mtu akisema bunduki tu hajasema kitu. Ipo bunduki ya gumegume, ambayo jiwe hupiga chuma na kutoa cheche. Ipo ya fataki, ambayo kinyundo hupiga kikofia kidogo cha shaba kilichovikwa juu ya kifa, na moto hupita katika tundu hadi kwenye baruti. Na ipo ya viasi, ambayo hupakiwa kwa nyuma. Tena kasiba zenyewe ni namna mbili. Moja ni laini ndani kama mwanzi. Nyingine imechongwa mifuo inayozunguka toka chini hata mdomoni, nayo huizungusha risasi ikitoka, kama mtoto azungushavyo pia; na kitu kinachozunguka namna ile hushika njia yake hewani. Mwenye kasiba ya mifuo aweza kulenga mbali mara mbili na zaidi kuliko mwenye kasiba laini. Lakini kujaribu ni lazima kwa zote mbili.

Huenda mtu akauliza, kwa nini huku kwetu zilijaa zile laini tu? Bunduki zenyewe hazikuwa chache. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwa Zanzibar aliandika kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia pwani yetu kila mwaka. Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yakapatana kuzuia bunduki za mifuo na za viasi zisiuzwe katika sehemu kubwa ya Afrika, wakaachia gumegume isiyo na mifuo na baruti ya kawaida. Sababu iliyoandikwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, nami siikatai. Walakini ni rahisi kuona pia kwamba mwenye kutaka kutawala hapendi mtawaliwa awe na bunduki iliyo sawa na yake. Basi wazee wetu wakabaki na silaha ambayo Ulaya ilikwisha kuiweka kando.

Ile ya baba mkubwa ilikuwa ya fataki, kasiba laini. Ilikuwa mpya kwake, si mpya kwa dunia. Aliinunua kwa mtu wa upande wa tambarare, akaenda bomani Arusha kuandikiwa hati, akairudisha nyumbani imefungwa katika gunia. Nia yake ilikuwa kulinda shamba. Shamba letu la mahindi na maharagwe lilikuwa la mwisho kabla ya msitu, na masika yakiisha na maharagwe yakichanua, pongo hutoka jioni kama wageni walioalikwa. Nguruwe walikuja usiku. Nyati nao walikuja, ijapokuwa si kila mwaka.

Sasa lazima niwaambie habari ya shangazi yangu, maana bila yeye habari hii haina mwanzo. Mwaka uliotangulia, jirani mmoja alikuwa na gobori aliyoinunua siku chache tu nyuma. Muuzaji alimwambia kwamba inapiga hatua 100 bila kukosa, naye akaamini. Jioni moja akamwona nyati katika mahindi yake, akampiga kwa mbali. Nyati akashtuka, akakimbilia msituni. Jirani alidhani amekosa. Au labda alijua kwamba hakukosa, akaona haya kusema. Mimi siwezi kumhukumu, amekwisha kufa. Asubuhi shangazi alipanda na wanawake wenzake kukata majani ya ng'ombe pembeni mwa msitu. Yule nyati alikuwa amelala kichakani, na risasi ndani ya tumbo. Wanawake wengine walipanda mti. Shangazi hakuwahi. Tulimteremsha kwa machela, na mfupa wa paja ulivunjika mahali pawili. Alipona, lakini alitembea kwa fimbo mpaka siku ya kufa kwake.

Kwa hiyo baba mkubwa alipofika na gunia lake, shangazi, aliyekuwa dada yake mdogo, alikuwa ameketi barazani. Akamwuliza, "Kaka, kitu hicho kinapiga wapi?" Akajibu, "Kinapiga ninapolenga." Shangazi akasema, "Na yule mwenzako alisema hivyo hivyo." Hapo baba mkubwa akanyamaza. Bunduki haikulala nyumbani siku ile. Ililala katika banda la kahawa, na siku ya tatu tukaenda kuijaribu.

Tulingoja ukungu uondoke. Wakazi wa Meru wanajua kwamba asubuhi za mwezi wa Juni ukungu hushuka hata kwenye paa za nyumba, na baruti nyeusi hunywa unyevu kama chumvi. Tukachagua korongo lenye ukingo mrefu wa udongo, mahali ambapo risasi ikikosa itaingia katika udongo, wala haitakwenda nyumbani kwa watu. Tukakata migomba mitatu iliyokwisha kuzaa, tukaisimamisha pamoja mbele ya ukingo, na juu yake tukachora kwa majivu duara lenye ukubwa wa sahani. Mgomba ni shabaha nzuri kuliko ubao. Ubao hupasuka, mgomba hupokea risasi na kukuonyesha njia yake yote, ukaupasua kwa panga na kuirudisha risasi yako.

Kazi ya kwanza haikuwa kupiga. Baba mkubwa aliuingiza mdeki ndani ya kasiba mpaka ukagota, akatia alama kwa kucha pale mdomoni. Kisha akautoa, akaulaza juu ya kasiba kwa nje, mwisho wake sawa na ile alama. Mdeki ulitakiwa kufika karibu na kifa. Haukufika. Ulipungua kwa upana wa vidole vinne.

Akaniangalia. "Unaona nini?" akauliza.

Nikasema, "Mdeki ni mfupi."

"Mdeki si mfupi. Ndani mna kitu."

Wasikilizaji, bunduki ile tuliuziwa imeshindiliwa, wala hapana aliyejua kwa kiasi gani, au tangu lini. Na sisi tulikuwa tumeilaza bandani siku mbili, watoto wakicheza karibu. Akatia maji kidogo kidogo kwa tundu la kifa na kwa mdomo, akaacha mpaka baruti ikawa uji, kisha akafunga parafujo mwishoni mwa mdeki, akavuta. Zikatoka matambara yaliyooza, misumari iliyokatwa, kokoto mbili, na baruti nyingi nyeusi iliyogandamana. Kama angevika fataki na kupiga, sijui nani angebaki wa kuwasimulia. Mpaka leo nikiona mtu amepewa bunduki na kuielekeza angani kwa majigambo, mkono wangu huutafuta mdeki.

Baada ya kuisafisha na kuikausha alipasua fataki mbili tupu, bila baruti, mdomo wa bunduki ukielekea jani lililolala chini. Jani likatikisika. Maana yake tundu la kifa li wazi, na moto unapita.

Ndipo akapima baruti. Kipimo chake kilikuwa kipande cha mwanzi wa mlimani, kilichokatwa juu ya fundo, chenye alama tatu zilizochongwa kwa kisu. Baruti ilitoka katika pembe ikaingia kwanza katika kipimo, na katika kipimo ikaingia katika kasiba. Haikumiminwa hata mara moja toka pembe kwenda kasibani. Sababu ni rahisi. Baada ya mlio wa kwanza huweza kubaki cheche chini ya kasiba. Cheche ikiwasha baruti ya kipimo kimoja, utaungua vidole. Ikiwasha pembe nzima, utazikwa.

Juu ya baruti akaweka kitambaa cha merikani kilichopakwa mafuta ya kondoo, na juu ya kitambaa risasi ya mviringo, akashindilia mpaka risasi ikakaa juu ya baruti bila nafasi katikati. Hapo tena akatia alama katika mdeki, ili kila mara ajue kwamba risasi imefika mahali pake. Nafasi ikibaki kati ya baruti na risasi, kasiba yaweza kupasuka. Fataki ilivikwa mwisho kabisa, bunduki ikiwa tayari imeelekezwa kwenye shabaha.

Risasi ya kwanza hakuipiga kwa mkono wake. Alilaza bunduki juu ya gogo, akaifunga kwa kamba za ngozi, akafunga uzi katika mtambo, nasi tukajificha nyuma ya jiwe. Akavuta. Mlio ulipanda korongo na kurudi, na mbega msituni wakaanza kunguruma. Moshi ulitanda mweupe, mzito, hatukuona mgomba wala ukingo. Moshi huo ni tabia ya baruti nyeusi. Katika mapigano ya Tanga, Novemba 1914, askari wengi wa jeshi la Wajerumani walikuwa bado na bunduki za mfano wa mwaka 1871 zilizotumia baruti hiyo, na moshi uliwatangaza mahali walipojificha. Kwa mwindaji hasara yake ni nyingine: akiisha kupiga haoni amepiga nini, wala hana risasi ya pili mpaka ashindilie tena. Ndiyo sababu namna ya risasi kwenda lazima aijue kabla.

Kasiba ilikuwa nzima, haina ufa. Basi akaketi, akaegemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, akaanza kujaribu kwa hatua 20, kisha 40, kisha 80. Kila mahali alipiga mara tatu, na kila baada ya mlio alipitisha kitambaa chenye unyevu ndani ya kasiba, kisha kikavu, maana masizi yakikaa risasi haishuki vizuri. Kazi yangu ilikuwa kutafuta vile vitambaa vya merikani vilivyoanguka mbele. Nalidhani ananipa kazi ya kitoto. Kumbe alikuwa anavisoma kama barua. Kitambaa kilichotoka kizima, chenye mduara mweusi katikati, ni habari njema. Kilichotoka kimeungua au kimeraruka kinasema kwamba mafuta hayakutosha, au baruti imezidi.

Kwa hatua 20 risasi tatu ziliingia katika duara, zikielekea kushoto kidogo. Kwa hatua 40 zilikuwa kushoto kwa shubiri moja, lakini zote tatu zilikuwa pamoja, ungeweza kuzifunika kwa mkono. Baba mkubwa alifurahi. Mimi nalishangaa, maana hakuna hata moja iliyopata duara. Akanieleza kwamba bunduki inayokosa mahali pamoja kila mara ni bunduki mwaminifu. Mwenyewe hulenga shubiri moja kuume, na mambo yamekwisha. Inayotisha ni ile ambayo leo inakosa kushoto, kesho juu.

Kwa hatua 80 tulikutana na hiyo ya kutisha. Risasi moja iliparuza mgomba, ya pili iliingia katika udongo, ya tatu hatukuiona kabisa. Akaongeza baruti mpaka alama ya tatu ya mwanzi. Bega lake liliruka, vitambaa vikatoka vimeungua, na risasi zikatawanyika zaidi kuliko kwanza. Wako watu wengi wanaoamini kwamba baruti ikizidi, nguvu na usahihi huzidi pamoja. Naomba waende wakatafute vitambaa vyao.

Mara moja fataki ililia bila bunduki kulia. Nikanyanyuka. Baba mkubwa akanishika shati, akaniketisha kwa nguvu, wala hakuugeuza mdomo wa bunduki toka kwenye mgomba. Tulihesabu pole pole mpaka 60. Moto huweza kukawia ndani ya tundu, na bunduki ikalia wakati mwenyewe anachungulia. Safari ile haikulia. Alizibua tundu kwa sindano, akavika fataki nyingine, ikaenda.

Shangazi alikuwa amefika wakati huo, ameketi juu ya kigoda mbali nyuma yetu, fimbo magotini. Hakusema neno mpaka mwisho. Kisha akauliza swali lile lile la kwanza: "Kaka, kitu hicho kinapiga wapi?"

Akajibu, "Hatua 40. Zaidi ya hapo sijui kinapiga wapi."

Shangazi akainuka. Akavunja tawi la sale, ule mmea wa majani marefu ambao sisi Wameru, kama ndugu zetu Wachaga, huupanda mpakani. Tukapanda naye polepole hadi shambani. Alisimama chini ya dungu, mahali ambapo baba mkubwa alikuwa akikaa jioni kulinda, akaanza kuhesabu hatua kuelekea msituni. Baba mkubwa alitaka kumsaidia, akakataa. Hatua za mtu mwenye fimbo ni fupi, kwa hiyo 40 zake hazikufika 40 zetu. Hapana aliyemsahihisha. Alipofika akachimba kwa ncha ya fimbo, akapanda lile sale katikati ya maharagwe.

Jioni ile bunduki ilioshwa kwa maji ya moto mpaka yakatoka meupe, ikakaushwa, ikapakwa mafuta ndani na nje. Masizi ya baruti nyeusi huvuta maji, na kasiba isiyooshwa siku ile ile huanza kutu kabla ya siku ya pili.

Kabla sijamaliza, yafaa niseme kwamba mambo ya siku zile siyo ya leo. Kreta ya Ngurdoto ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1960, na Mlima Meru ukaunganishwa nayo mwaka 1967. Sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na humo hapawindwi. Kuwinda kwingine kwataka leseni na msimu wake, na bunduki yo yote, hata gobori ya babu iliyoning'inia darini, yataka kibali chini ya sheria ya silaha ya mwaka 2015. Tena ziko gobori zinazotengenezwa kwa siri kwa mabomba ya maji. Bomba la maji lilitengenezwa lichukue maji. Hiyo usiijaribu hata kwa uzi mrefu. Na yule mwenye gobori halali asitie ndani yake baruti iliyotolewa katika viasi vya bunduki za kisasa, maana nguvu yake si ya kasiba ile.

Turudi kwa maharagwe. Wiki ya pili ya mwezi wa Julai nalikuwa dunguni pamoja na baba mkubwa, jua linazama. Pongo dume akatoka msituni, mnene, pembe zake zinang'aa, akasimama ubavu wazi akila. Alikuwa ng'ambo ya sale, labda kwa hatua 30. Nikamgusa baba mkubwa kiwiko. Bunduki ilikuwa imekwisha kuelekezwa, nami naliziba masikio. Tukangoja. Pongo alikula mstari mzima wa maharagwe yetu, akajikuna shingo kwa kwato ya nyuma, akainua kichwa. Hakuja mbele hata hatua moja. Giza lilipoingia alirudi msituni kama mtu aliyeaga vizuri.

Nalikasirika mpaka machozi. Nyama ile nilikuwa nimekwisha kuila moyoni. Tulipofika nyumbani shangazi alikuwa jikoni anamenya ndizi, akasikia nikilalamika kwa mama. Akamwangalia kaka yake aliyekuwa akiitoa fataki kwenye kifa.

"Alisimama upande gani wa sale?" akauliza.

"Ng'ambo," akasema baba mkubwa.

Shangazi akasogeza fimbo yake, akampa nafasi ya kuketi karibu na moto.